Mkono Ulioachia Mapema

Shangazi alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikibeba kwapani toka nyumbani, kiti cha kukunja chenye kitambaa cha mistari, akakikunjua mbele kabisa ya magodoro, akakigandamiza kwanza kwa kiganja kuona kama kimekaa sawa, ndipo akakalia. Mkoba akauweka mapajani. Miwani akaitoa, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa.

"Haya, anzeni," alisema. "Mimi sipo."

Angekuwaje hayupo, na ghala lenyewe lilikuwa dogo vile! Lilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, mahali palipowekwa vitanda vilivyovunjika na machela yaliyokosa magurudumu. Vyote hivyo vilisukumwa ukutani, na katikati yakapangwa magodoro kumi na mawili yaliyochakaa, yakafunikwa turubai la kijani lililovutwa likakaza na kufungwa kamba kwenye pembe. Harufu ya sabuni ya unga iliingia kwa chini ya mlango, na kila baada ya dakika chache ile mashine kubwa ya kukamua ilinguruma upande wa pili mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka.

Pasi alisimama juu ya turubai, miguu mitupu, gauni la kazi la bluu likiwa limefungwa vifungo vyote. Jina lililo kwenye kitambulisho chake wenzake walishalisahau. Alianza kazi pale akipiga pasi mashuka, na sasa alikuwa msimamizi wa wanawake thelathini na wawili. Jina la Pasi lilibaki, kwa sababu mtu akija kazini amepinda, yeye humnyoosha.

Alijua vizuri Shangazi amefuata nini. Siku tano zilizopita Kocha alikuwa amemposa. Alimtuma mjomba wake, mzee mmoja mpole, akaleta maneno nyumbani kwa adabu zote. Shangazi, aliyemlea Pasi tangu kaka yake, baba wa Pasi, alipofariki, alimsikiliza yule mzee mpaka mwisho, akamjazia chai mara mbili, kisha akasema jibu litatoka Jumamosi, akishaiona mikono ya huyo kijana ikiwa kazini.

"Mume wangu mimi hakuwa mcheza mieleka," alimwambia Pasi jioni ile, wakiosha vikombe. "Alikuwa karani. Kalamu ndiyo kitu kizito alichowahi kunyanyua. Na bado meno yangu mawili alinitoa yeye. Sasa huyu wako anayeishi kwa kubomoa watu migongo, siku akikasirika, nani atakuokota?"

"Hana hasira, Shangazi."

"Hata yule karani hakuwa nazo kabla ya harusi."

Pasi alimpenda Kocha, na alimpenda Shangazi pia, na akijiuliza angeishije na mmoja bila baraka za mwingine, usingizi ulimpaa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya jibu.

Kocha aliingia akiwa amebeba viatu mkononi. Alikuwa mtu wa mabega mapana na masikio yaliyokunjamana kwa miaka ya kusuguliwa na vichwa vya watu, lakini sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, Shangazi."

"Vizuri. Baadaye usije ukasingizia njaa."

Mama Pacha, aliyekuwa ameketi juu ya machela, alijiziba mdomo kuzuia kicheko. Yeye ndiye aliyesababisha magodoro yale kupangwa. Miezi miwili nyuma, alipotoka zamu ya jioni, mtu alimdaka kwenye kijia kilicho kando ya ukuta wa hospitali. Aliokolewa na walinzi waliosikia kelele, akatoka na mkono wa gauni umechanika na sauti iliyopotea wiki nzima. Pasi hakulala siku hizo. Akaenda kwenye ukumbi Kocha anamofundishia mieleka, akamkuta anafagia, akamwambia anataka wanawake wake wajue kujinasua.

Kocha alimletea mitindo kumi na minane, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Pasi aliisoma yote, akamrudishia.

"Hawa wanasimama kutwa," alimwambia. "Wanainua mashuka yenye maji. Jioni mtu hakumbuki hata amevua viatu wapi. Nichagulie mitano."

"Mitano tu?"

"Akiikumbuka hiyo mitano, atakuwa ametushinda mimi na wewe."

Basi wakawa wanachagua, Jumamosi hadi Jumamosi, na hii ilikuwa ya sita. Mapenzi yaliingilia humo humo, kati ya mtindo mmoja na mwingine, na hakuna aliyeweza kusema ni siku gani hasa. Kesho kutwa, Jumatatu, wanawake thelathini na wawili wangepanda kwenye magodoro yale na Pasi ndiye angesimama mbele yao.

"Tupitie orodha," Kocha alisema, akajifuta viganja kwenye suruali. "Ule wa kumbeba mtu kwa nyonga na kumtupa."

"Nimeufuta," Pasi alisema.

"Mzuri sana ule."

"Kwa anayevaa suruali. Hili gauni halina mpasuo, nikitanua mguu vile linachanika lote. Na nikishamtupa, je? Nisimame pale nimsubiri aamke?"

"Unamfuata chini, unamkunja kiwiko."

"Nimfuate chini wa nini? Mimi nataka kwenda nyumbani." Alichukua kalamu nyuma ya sikio, akaonyesha mstari aliokwisha kuuchora. "Na huo wa kiwiko nimeufuta pia. Ukimshika mtu ukalala naye pale, mwenzake akitokea umekwisha. Tusitafute kushinda. Tutafute kuachiwa tukimbie."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. Hilo lilimwingia.

Wakaanza na kifundo cha mkono. Kocha alimshika mkono wa kulia, Pasi akaugeuza, ukatoka. Akatia alama ya vema. Wakaenda ukutani, Kocha akamwekea mikono miwili shingoni, Pasi akainua mkono mmoja juu, akazunguka, akatoka. Vema nyingine. Kisha Kocha akasimama nyuma yake na kumzungushia mikono yote miwili kifuani, mikono ya Pasi ikiwa imebanwa ndani.

Hapo wote wawili walichelewa kidogo. Pasi alisikia pumzi yake karibu na shingo, na kidevu chake kilichokuwa hakijui kikae wapi. Alisikia moyo, hakujua ni wa nani. Alijikaza kisabuni, akashusha mwili, akasukuma nyonga pembeni, na ile mikono mikubwa ikafunguka kama mlango usiokomewa.

"Rudieni," Shangazi alisema.

Wakarudia. Pasi akatoka.

"Tena. Ule wa kwanza, wa mkono."

Pasi akatoka, safari hii akitabasamu.

Shangazi alivua miwani, akampa Mama Pacha aishike. Alivua viatu. Akapanda kwenye turubai taratibu, mtu mzima, magoti yakilia.

"We Mbomoa Migongo, sogea kule. Pasi, lete mkono."

Alimshika. Shangazi alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka arobaini alikanda unga kwa mikono hiyo, alfajiri na mchana, na vidole vyake vilikuwa vifupi na vigumu. Pasi aligeuza mkono kama alivyozoea. Haukwenda popote. Akavuta. Akavuta tena, akapepesuka, karibu aanguke, na mkono ukabaki pale pale.

"Hee!" Mama Pacha alipiga makofi ya mshangao.

"Mimi ni bibi wa miaka sitini na minne," Shangazi alisema bila hata kuhema. "Umewezaje kumtoka yule, na mimi hunitoki?"

Akamwachia. Pasi alijitazama mkono, kisha akamtazama Kocha. Kocha alikuwa anaangalia fundo la kamba kwenye pembe ya turubai.

"Kocha."

"Naam."

"Niangalie. Unaniachia?"

Mashine ya kukamua ilinguruma upande wa pili, vioo vikatetemeka, ikanyamaza.

"Kidogo," Kocha alisema.

"Tangu lini?"

"Jumamosi ya tatu."

Pasi alihesabu moyoni. Alama zote za vema alizotia zilikuwa za baada ya Jumamosi ya tatu.

"Siku ile nilikushika nikakuachia alama," Kocha alisema. Maneno yalimtoka moja moja. "Ukaifunika kwa mkono wa gauni ukidhani sijaiona. Wiki nzima chakula hakikupita. Tangu hapo nikikushika, nikiusikia mkono wako unaanza kujigeuza, wangu unafunguka wenyewe. Siuambii. Kule ukumbini mwenzako akikupigia makofi mawili ya kuomba aachiwe, unaachia papo hapo, ndivyo tulivyolelewa. Na wewe mimi naachia kabla hujaomba."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi sana ukitoka."

Hilo ndilo lililomchoma. Pasi alisikia uso ukimwaka moto mpaka masikioni. Alikumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani Jumamosi zile, kifua mbele, akipita kando ya ukuta ule ule bila kugeuka nyuma.

"Ningesimama mbele ya watu Jumatatu," alisema, na sauti yake haikupanda, ndiyo maana Kocha aliumia zaidi. "Ningewaambia huu unafaa, nimeujaribu mwenyewe. Mama Pacha angeniamini. Angepita pale ukutani akiniamini mimi. Na siku hiyo wewe ungekuwa wapi, Kocha? Ungekuja kumwomba yule mtu aachie kidogo?"

"Nisamehe, Pasi."

"Sitaki samahani. Nataka unishike."

Mama Pacha alikohoa.

"Anaongea mambo ya kazi," Shangazi alimwambia bila kugeuka. "Funga mdomo wako."

Kocha alisogea. Alinyoosha mkono, akasita, akamshika. Safari hii alimshika kweli. Pasi aligeuza mkono, ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma, na machozi ya hasira yakamlenga.

"Unavuta kwa nguvu," Kocha alisema taratibu, bila kulegeza hata kidole. "Hukuwahi kuhitaji kufanya vizuri, ndiyo maana. Kosa langu. Tazama, gumba langu liko wapi? Vidole vinne viko upande mmoja, gumba liko peke yake. Hapo ndipo mlango. Geuza mkono upande wake mwembamba uelekee hapo. Sasa usivute. Leta kiwiko chako kwenye kiwiko changu, kama unataka kunigonga nacho. Na mguu. Ingia na mguu."

Mara ya tatu hakutoka. Mara ya tano alitoka nusu. Mara ya saba kiwiko chake kiliingia, mguu ukafuata, na mkono ukachomoka kwa ghafla mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Ngozi ilikuwa nyekundu. Aliitazama ile nyekundu, akacheka.

"Huo ni wangu," alisema.

"Huo ni wako," Kocha alisema. "Huo sikukupa."

Waliirudia mingine. Wa ukutani ulimtaabisha. Mara alitoka, mara hakutoka. Ule wa kukumbatiwa kwa nyuma ulikataa katakata. Pasi alishusha mwili, akasukuma, akajinyonganyonga, na mikono ya Kocha ikakaa kama kamba ya mzigo. Alikuwa tayari kuufuta ndipo Mama Pacha alipotelemka kwenye machela.

"Mimi alinishika hivyo hivyo," alisema. Alikuwa hajawahi kulizungumza mbele ya watu. "Mikono yote ndani. Mnasema sukuma, nisukume kwa mikono gani? Mimi nilibaki na makalio tu."

Shangazi akaanza kucheka, na Mama Pacha mwenyewe akafuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Amesema kweli," Kocha alisema, naye macho yamemng'aa. "Mama Pacha, njoo. Yatumie hayo hayo. Nikikushika, kaa. Kaa chini kama mtu anayetafuta kigoda. Mimi nimebeba uzito wako wote sasa, nainama, sina budi. Pembeni sasa, nyonga pembeni, paja langu limebaki wazi. Piga hapo na kuendelea juu. Si kweli leo, tafadhali, mimi bado sijaoa."

Mama Pacha alikaa. Alikuwa mwanamke wa haja, na Kocha akainama naye kama tawi. Nyonga pembeni, ngumi ikasimama umbali wa kidole, mikono ikalegea kwa lazima na si kwa huruma. Mama Pacha alisimama katikati ya turubai amejishika mdomo kwa viganja viwili.

"Nimetoka," alisema. "Jamani, nimetoka."

Pasi naye akaujaribu hivyo, akatoka, akauandika upya ule mtindo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Ikafika zamu ya ule wa chini, ambao Pasi alikuwa akiuogopa kwa sababu ya Shangazi. Alilala chali, Kocha akampigia magoti huku na huku ya kiuno, akamgandamiza mabega. Shangazi alishika mkoba wake kwa nguvu. Pasi alinasa mkono mmoja wa Kocha ukakaa kifuani, akauzuia mguu wa Kocha wa upande ule ule kwa mguu wake ili asipate pa kujiegemeza, akakanyaga, akainua nyonga zote juu kama daraja, akageukia begani. Kocha, kilo tisini, aliviringika kama gunia na kuanguka upande wa pili. Pasi alijivuta nyuma, mkono mmoja umeegemea turubai, mguu mmoja mbele kujikinga, akasimama, akakimbia hatua nne mpaka mlangoni.

Kocha alibaki amelala anatazama paa, anahema.

"Huo pia sikukupa," alisema.

Shangazi alimwita. Kocha aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya kile kiti. Shangazi alimtaka mikono, akampa. Shangazi aliigeuza viganja juu, akaiangalia kwa muda mrefu, sugu moja baada ya nyingine, kidole kidogo kilichowahi kuvunjika kikapona kwa kupinda.

"Mimi nilitoka nyumbani na jibu langu," alisema. "Lilikuwa hapana. Nilikuja kutafuta mahali pa kulitundika. Nikasema nitamwona akimuumiza mwanangu mara moja tu, nikunje kiti niondoke naye. Kumbe kosa lako wewe ni jingine kabisa. Mkono wako unaogopa kumuumiza mpaka unamdanganya."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi upande wangu nimeridhika. Lakini mimi sikudanganywa, aliyedanganywa ni yule pale. Mwulize yeye."

Kocha aligeuka akiwa bado amepiga magoti. Pasi alikuwa ameegemea mlango, nywele zimemtimka, mkono mmoja wa gauni umekunjwa na mwingine umeshuka. Walitazamana. Kama kuna mtazamo unaoweza kumvua mtu kiburi na kumvika tumaini kwa wakati mmoja, ndio ule.

"Sina swali la kukuuliza," Kocha alisema. "Niulize wewe."

Pasi aliichukua ile karatasi kwenye machela, akaikunjua mbele yake.

"Niambie ukweli," alisema. "Kati ya hii mitano, ni upi siuwezi?"

Kocha alifikiri. Ilionekana dhahiri usoni kwamba alikuwa anatafuta njia laini, na ilionekana alipoiacha.

"Wa ukutani," alisema. "Unachelewa kuzunguka bega. Ukikabwa kweli, nusu ya mara hutatoka. Na kujinasua ukishikwa nywele, ule wa tano, unaujua kwa mdomo tu. Leo hatukuugusa. Usifundishe hata mmoja kati ya hiyo miwili Jumatatu. Wa ukutani nitaufundisha mimi, na wewe utasimama kwenye mstari na wenzako, ujifunze."

"Mbele ya watu wangu? Mimi msimamizi?"

"Mbele ya watu wako."

Iliuma. Mama Pacha aliangalia chini kwa niaba yake. Pasi alisimama na ile karatasi, na wote wakaona maneno yale yakimwingia na kushuka, na polepole uso wake ukafunguka, ukawa uso wa mtu aliyetua ndoo kichwani. Alichukua kalamu, akafuta mmoja, akafuta wa pili.

"Mitatu," alisema. "Mitatu ya kweli inatosha kuanzia." Akairudisha kalamu nyuma ya sikio, akajifunga kifungo kilichoachia, kisha, kama mtu anayetoa maagizo ya zamu, akasema, "Mwambie mjomba wako tunawasubiri kesho saa kumi. Na mama yako aje. Shangazi anaoka."

Kocha alimwangalia Pasi, akamwangalia Shangazi aliyekuwa tayari anahesabu mayai kwa vidole, akaangalia mikono yake mwenyewe. Ilibidi Mama Pacha amsukume bega.

"Itika basi, baba! Unajibiwa posa hapa, hupimwi uzito."